Sumaku inaelea juu ya supakondakta, halafu inaanza kuzunguka yenyewe. Nishati inatoka wapi?

#1 Ticha wa Bara

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Fizikia kidato cha tano na sita. Mfadhili mmoja alituachia kidonge cha supakondakta (kitu ambacho kikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote), vile vyeusi vya itriamu, bariamu na shaba, kipenyo chake sentimita mbili na nusu hivi. Kikalala kabatini kwa sababu naitrojeni kimiminika ya kukipozea hatuna. Juzi bwana mifugo anayehimilisha ng'ombe huku kwetu akanimiminia kidogo.

Onyesho lenyewe lilikwenda vizuri. Nilikiweka kidonge kwenye kipande cha lile boksi jeupe la kubebea samaki, nikamimina taratibu, nikangoja kuchemka kutulie, nikaweka sumaku ndogo ya duara kwa kibano cha plastiki. Ikasimama hewani. Darasa lilipiga ukelele mpaka makamu mkuu akaja dirishani akidhani kuna nyoka.

Sasa swali. Sumaku niliiweka kwa ubavu, ncha zake zikitazama kushoto na kulia, na niliiacha imetulia tuli. Baada ya muda ikaanza kuyumba, mbele nyuma, mbele nyuma. Kuyumba kukakua. Mwisho ikapinduka mzimamzima, ikaanza kuzunguka mfululizo na ikaendelea hivyo mpaka naitrojeni ilipokaribia kwisha. Hakuna aliyeigusa. Binti mmoja wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama hakuna anayeisukuma, nishati inatoka wapi?" Kitabu nilichonacho kinaishia kwenye kuelea. Nani anajua?

#2 Kipanga Mweusi

Jini. Funga uzi.

#3 Mama Wawili

Nimevuta kiti. Ila kabla hatujafika kwa majini: hiyo naitrojeni si ndiyo inayotunza mbegu za madume? Ng'ombe wa watu watakosa mimba kisa Fizikia?

#4 Bwana Mifugo

Mama Wawili, umeuliza la maana. Mbegu ziko kwenye mirija myembamba ndani ya mtungi, na sharti zizame muda wote. Mhimilishaji anayejua kazi hachoti kwenye mtungi wa mbegu, anachota kwenye ule wa akiba. Kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, Arusha, kinazalisha mbegu na naitrojeni yenyewe pia, kwa hiyo mwalimu wa kanda ya kaskazini asiseme haipatikani. Wa mikoa mingine waanzie ofisi ya mifugo ya wilaya, waulize mitungi inajazwa wapi.

Na mimi naomba nitoe onyo kabla uzi haujawa wa kuchekesha. Lita moja ya hiyo kitu ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700. Usiitie kwenye chupa ukakaza kizibo, itapasuka. Usiipakie kwenye gari dogo ukafunga vioo. Naitrojeni haina harufu, haikabi koo, haikohozi mtu. Inachukua nafasi ya oksijeni, unasikia usingizi tu, basi, huamki tena. Darasani fungua madirisha yote, vaa miwani, na glavu ziwe za ngozi zilizolegea ili uweze kuzivua haraka. Glavu za sufu zinanyonya kile kimiminika halafu zinakushikilia nacho.

#5 Fundi Redio

Swali la mwalimu jepesi. Ni upepo. Sumaku inayoelea haina ekseli wala beringi, chochote kinaisukuma. Naitrojeni ikichemka, mvuke wake mzito unamwagika ukingoni mwa boksi, na hewa ya juu inashuka kuziba nafasi. Hewa hiyo ikiipiga sumaku upande mmoja zaidi ya mwingine, inazunguka. Tena madarasani mna feni.

#6 Ticha wa Bara

Fundi, feni zipo mbili. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

#7 Mjukuu wa Newton

Fundi #5 ameona hewa, hajaona joto. Sehemu ya chini ya sumaku iko milimita chache tu juu ya kitu chenye nyuzi -196. Sehemu ya juu inaguswa na hewa ya darasani. Sumaku ya neodimiamu ikipoa nguvu yake inapanda, takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo tumbo lake linakuwa na nguvu kidogo kuliko mgongo. Sasa supakondakta inaisukuma zaidi juu sehemu yenye nguvu, na sehemu yenye nguvu ndiyo iko chini. Hapo hakuna utulivu. Ikiegemea upande kidogo tu, inataka kupinduka. Ikipinduka, mgongo uliokuwa na joto unakuja chini, unapoa, unapata nguvu, na mchezo unaanza upya.

Jibu la binti wa PCM basi: nishati inatoka kwenye joto la darasa, inapita ndani ya sumaku, inaishia kuchemsha naitrojeni. Ni injini ya joto, ina upande wa moto na upande wa baridi. Lita moja ya naitrojeni inameza karibu kilojuli 160 kugeuka gesi. Kuzungusha kisumaku cha gramu chache ni makombo ya hapo.

#8 Fundi Redio

Mjukuu, kisumaku chenyewe ni cha metali na kina milimita chache. Joto linapita humo haraka. Tofauti ya chini na juu itakuwa nyuzi ngapi, mbili? Zidisha kwa asilimia 0.1 uone kama utapata hata nguvu ya kumtikisa sisimizi.

#9 Mjukuu wa Newton

Hakuna msuguano wa kuushinda, mzee. Kidogo kinatosha.

#10 Fundi Redio

Asante sana. Kama kidogo kinatosha, basi na upepo wangu unatosha.

#11 Kipanga Mweusi

Na jini wangu pia, ni mdogo tu.

#12 Bint Pangani

Samahanini, mnajadili kuzunguka wakati kuelea kwenyewe hatujakubaliana. Chuoni nilifundishwa kwa kanuni ya Lenz: ukiileta sumaku karibu, mkondo wa umeme unazaliwa ndani ya kidonge kuipinga, na kwa kuwa ukinzani ni sifuri mkondo haufi. Sawa. Lakini vipi ukiiweka sumaku juu ya kidonge kikiwa bado na joto la kawaida, halafu ndipo umimine naitrojeni? Hapo sumaku haijasogea. Lenz hana la kusema.

#13 Ticha wa Bara

Bint Pangani, hilo tulilifanya pia. Kidonge kilipopoa, sumaku ilijiinua yenyewe. Si sana, ila karatasi ilipita chini yake bila kugusa.

#14 Msomi wa Leipzig

Ndipo anapoingia Meissner. Mwaka 1933, Berlin, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waliona kwamba supakondakta haizuii tu uga mpya wa sumaku (eneo la nguvu yake) kuingia, inaufukuza hata ule uliokuwa umeshaingia. Kitu chenye ukinzani sifuri tu, bila tabia hiyo, kingeuacha uga palepale ulipokuwa na sumaku ya mwalimu isingenyanyuka hata unywele. Kwa hiyo #12 uko sahihi kwamba Lenz hatoshi.

#15 Mzee wa Leo

Naongeza historia kidogo kwa faida ya vijana. Huyo Meissner ndiye aliyegundua supakondakta mwaka 1911.

#16 Msomi wa Leipzig

Shikamoo mzee, lakini hapana. 1911 ni Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi. Aliipoza zebaki hadi Kelvini 4.2 na ukinzani wake ukatoweka. Nobel akapewa 1913. Baada ya hapo kwa miaka 75 kazi hii ilidai baridi kali ya hiliamu kimiminika au inayokaribiana nayo, na hiliamu hakuna bwana mifugo wa kukumiminia. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, maabara ya IBM karibu na Zürich, wakapata kauri inayoanza kazi juu ya Kelvini 30. Mapema 1987 makundi ya Paul Chu na Maw-Kuen Wu kule Marekani yakatangaza hicho kidonge alichonacho mwalimu: Kelvini 93. Naitrojeni inachemka Kelvini 77, ndizo zile nyuzi -196. Nyuzi 16 za ziada, ndizo zinazomwezesha mwalimu wa sekondari kufanya onyesho ambalo miaka miwili kabla lingetaka bajeti ya chuo kikuu kizima.

Machi 1987 wanafizikia walijazana kwenye hoteli ya Hilton ya New York kusikiliza habari hizo, wakakaa mpaka saa tisa usiku.

#17 Kipanga Mweusi

Saa tisa usiku hotelini. Kwa wake zao walisema ni kauri.

#18 Mjukuu wa Newton

Leipzig, historia umeimaliza, fizikia umeiacha nusu. Kidonge hiki ni supakondakta ya aina ya pili. Uga haufukuzwi wote. Unapenya kwa mistari myembamba, kila mstari umezungukwa na mkondo wake mdogo, ndivyo Abrikosov alivyoonyesha mwaka 1957. Mistari hiyo inanasa kwenye kasoro za kauri: vitundu, mipaka ya chembe, uchafu uliobaki. Mkeka uliopigiliwa misumari huwezi kuuburuta. Ndiyo maana sumaku ya mwalimu haikuteleza ikadondoka pembeni. Meissner peke yake, juu ya kidonge bapa, angeitupa nje.

Mwalimu jaribu hivi. Kabla ya kupoza weka kipande cha plastiki cha milimita tano hivi kati ya kidonge na sumaku. Mimina, poza, kisha kitoe kile kipande. Sasa shika sumaku uinue. Kidonge kikiwa chepesi kitainuka pamoja nayo, hakigusi na hakiachi. Halafu mtu aje aniambie Meissner, ambaye kazi yake ni kusukuma, amevuta vipi.

#19 Msomi wa Leipzig

Hakuna aliyekataa kunasa. Lakini usimfukuze Meissner nyumbani kwake. Miaka ya 1940 Arkadiev wa Moscow alifanya sumaku ielee juu ya madini ya risasi yaliyopozwa, na akaifinyanga ile risasi iwe na umbo la bakuli ili sumaku isitoroke. Risasi ni aina ya kwanza, hakuna mistari ya kunasa humo. Ikaelea. Na sumaku ya #13 iliyojiinua yenyewe wakati wa kupoa: kunasa kunashikilia kitu kilipo, hakukinyanyui. Nani aliyeinyanyua?

#20 Mjukuu wa Newton

Nusu ya Meissner. Ndiyo maana ilijiinua kwa unene wa karatasi tu. Vidonge vya unga uliochomwa vinafukuza sehemu fulani ya uga. Chukua vile vilivyoyeyushwa na kukuzwa viwe karibu fuwele moja, kunasa ni kukali, na sumaku uliyoipozea hapo inabaki hapohapo.

#21 Msomi wa Leipzig

Kwa hiyo unakubali ni Meissner.

#22 Mjukuu wa Newton

Nakubali nusu. Soma tena.

#23 Mkenya Mpole

Nawasalimu kutoka Kabete. Hapa kwetu naitrojeni kimiminika hutoka kituo cha rasilimali za vinasaba vya mifugo, kwa hivyo naona kote Afrika Mashariki supakondakta inanyonya kwa ng'ombe.

Mnaobishana, mtazame ile video ya Chuo Kikuu cha Tel Aviv ya 2011. Kisahani kinazunguka kwenye njia ya sumaku kikitoa moshi wa baridi, kisha njia yote inageuzwa juu chini, na kisahani kinaendelea kuzunguka kikining'inia. Kile si kidonge kinene, ni bamba la yakuti samawi lililopakwa tabaka jembamba mno la kauri hiyohiyo. Kuning'inia vile, ni hoja ya #18 tu inayoweza kukueleza.

#24 Kidato Tano

Shikamooni. Sisi shuleni kwetu hatuna naitrojeni wala kidonge. Je, friji haiwezi? Au barafu kavu ya wauza samaki? Na kwa nini tusitumie sumaku mbili zinazosukumana tu?

#25 Fundi Redio

Marahaba kijana. Friji la nyumbani ni -18. Barafu kavu ni -78. Kidonge kinataka chini ya -180. Safari bado ndefu.

Sumaku mbili zinazosukumana haziwezi kutulia hewani bila kushikwa. Earnshaw alilithibitisha mwaka 1842, na mimi nimelithibitisha kwa kupoteza sumaku chini ya kabati. Supakondakta inachomoka kwenye kanuni hiyo kwa sababu mikondo yake inajibadilisha kila sumaku inaposogea.

Ila yapo ya kufanya nyumbani. Tafuta kipande cha bomba la shaba kwa mafundi wa viyoyozi, dondosha humo sumaku ya neodimiamu inayopita bila kubana. Shaba haivutwi na sumaku, lakini sumaku itashuka polepole mpaka utachungulia ndani kuona imekwama wapi. Hiyo ndiyo Lenz ya Bint Pangani, na kwa kuwa shaba ina ukinzani, mkondo unakufa na sumaku inaendelea kushuka. Ya pili: panga sumaku nne ndogo za mraba ziwe mraba mmoja, ncha za juu zikipishana, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Weka juu yake kipande chembamba cha grafaiti, hata ile risasi nyembamba ya penseli ya kubonyeza. Inaelea kwa kimo kidogo sana, ila inaelea, kwa joto la chumba chako. Grafaiti si supakondakta, inasukumwa na sumaku kwa unyonge tu.

Sumaku zinapatikana bure kwenye diski ngumu (hard disk) mbovu za kompyuta. Angalia vidole, zile zinauma.

#26 Mama Wawili

Kwa hiyo vitu vya kawaida navyo vinasukumwa na sumaku? Hata sisi?

#27 Mkenya Mpole

Hata wewe mama. Mwaka 1997 Andre Geim na wenzake kule Nijmegen, Uholanzi, walimwelesha chura mzima ndani ya sumaku ya tesla 16 hivi, kwa sababu maji ya mwilini yanasukumwa kidogo. Chura akashuka salama. Geim akapewa Ig Nobel, ile tuzo ya mzaha, mwaka 2000 kwa chura, na Nobel ya kweli 2010 kwa grafini (kaboni ya unene wa atomu moja).

#28 Mzee wa Leo

Sasa tuje kwenye maendeleo. Wachina pale Shanghai treni yao inaelea kwa hizi supakondakta tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Sisi SGR yetu itaelea lini?

#29 Msomi wa Leipzig

Mzee, ya Shanghai inaelea kwa sumaku-umeme za kawaida, teknolojia ya Kijerumani, hakuna supakondakta ndani. Ilifika kilomita 431 kwa saa kwenye safari za abiria. Ya supakondakta ni ya Wajapani, njia ya majaribio ya Yamanashi, kilomita 603 kwa saa Aprili 2015. Koili zake ni za niobiamu na titaniamu, zinapozwa kwa hiliamu. Na ile haielei ikiwa imesimama. Inaanza kwa magurudumu, ikifika takriban kilomita 150 kwa saa mikondo inayozaliwa kwenye koili za ukutani inatosha kuibeba.

#30 Kipanga Mweusi

SGR inakwenda 160. Kumbe tunaelea kwa kilomita kumi za ziada na hakuna aliyetuambia.

#31 Mzee wa Leo

Na wale Wakorea wa 2023 waliosema wamepata supakondakta ya joto la kawaida? Hiyo ingemwokoa mwalimu na mitungi ya ng'ombe.

#32 Bint Pangani

Hiyo waliiita LK-99. Maabara nyingi zilijaribu kuipika upya ndani ya wiki chache. Kushuka kwa ukinzani kulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambao hubadili umbo lake la ndani nyuzi mia moja na kidogo, na vile vipande vilivyoinuka upande mmoja vilikuwa na usumaku wa kawaida. Tazama zile video vizuri: kona moja imegusa chini wakati wote. Kidonge cha mwalimu hakina aibu hiyo.

#33 Kidato Tano

Asante Fundi kwa bomba la shaba. Je, kidonge chenyewe mtu anaweza kukipika?

#34 Fundi Redio

Kinapikika, ila si jikoni kwa mama yako. Mwaka 1987 huohuo wanafunzi wa sekondari ya Gilroy, California, walipika wakisaidiwa na Paul Grant wa IBM. Unachanganya oksaidi ya itriamu, kaboneti ya bariamu na oksaidi ya shaba, kwa uwiano wa moja, mbili, tatu wa itriamu, bariamu na shaba. Unasaga, unachoma nyuzi 900 na zaidi, unasaga tena, unabana kuwa kidonge, unachoma tena, kisha unakipoza taratibu kwenye oksijeni. Oksijeni ikipungua ndani yake hakifanyi kazi. Kikitoka kijani umepata kitu kingine. Na kaboneti ya bariamu ni sumu, watu wameitumia kuua panya. Maabara, mwalimu pembeni, barakoa. Bila hivyo acha.

#35 Mama Wawili

Turudini kwenye swali la mwalimu jamani. Mmoja kasema upepo, mwingine joto. Hakuna hata mmoja aliyeifunika ile sumaku akaona?

#36 Msomi wa Leipzig

Nimeifunika leo mchana kwa bilauri kubwa ya kioo, hapa maabara. Kuyumba kumepungua lakini hakukwisha. Ilikuwa ikisimama, inaanza tena. Na iliyozunguka ni ile ya duara tu. Ya mchemraba iliyumba kidogo ikaishia hapo. Hilo angalau lina maelezo yasiyo na ubishi: ya duara iliyolala kwa ubavu ikizunguka kwenye mhimili wake, uga unaofika kwenye kidonge haubadiliki, kwa hiyo mistari ya #18 haina cha kushikilia. Mchemraba ukigeuka, uga unageuka nao, na kidonge kinaukatalia.

#37 Mjukuu wa Newton

Upepo umefungwa nje na bado inayumba. Nadhani kesi imekwisha.

#38 Fundi Redio

Ndani ya bilauri hamna hewa? Juu kuna joto, chini kuna -196, naitrojeni inachemka inatafuta pa kutokea. Umefunga upepo mdogo ndani ya chupa ukasema hakuna upepo. Fanya ndani ya ombwe ndiyo uniite.

#39 Bint Pangani

Mimi nina mbili za kwangu, zipigeni mawe.

Kwanza, umande. Sumaku ikipoa inaota barafu ya mvuke wa hewani, na haioti sawasawa. Upande mmoja unakuwa mzito, sumaku inatafuta mizani mpya, barafu nyingine inaota juu. Huku kwetu pwani hewa ina maji mengi, kwa hiyo hii ingekuwa kali Pangani kuliko Dodoma.

Pili, oksijeni. Inachemka Kelvini 90, juu ya naitrojeni, kwa hiyo pale karibu na kidonge hewa inaweza kuacha matone ya oksijeni. Na oksijeni inavutwa na sumaku, tena ikiwa baridi inavutwa zaidi kuliko ikiwa na joto. Kwa hiyo sumaku yenyewe inavuta hewa ya baridi na kuiachia ikipata joto. Unapata upepo ambao chanzo chake ni sumaku. Fundi na Mjukuu wote mnaweza kuwa ndani ya hii.

#40 Fundi Redio

Naichukua ya pili. Ni upepo.

#41 Mjukuu wa Newton

Na unasukumwa na tofauti ya joto. Naichukua mimi.

#42 Msomi wa Leipzig

Kabla hamjagawana: Mjukuu, hesabu yako ya #7 ina mtego. Neodimiamu inapata nguvu ikipoa mpaka karibu Kelvini 135. Chini ya hapo mwelekeo wa usumaku ndani ya fuwele unaanza kuinama, na nguvu kwenye mhimili inashuka. Kama tumbo la sumaku lina Kelvini 110, limekuwa dhaifu kuliko mgongo, na mashine yako inageuka juu chini: sehemu dhaifu iko chini, hapo panatulia, hakuna sababu ya kupinduka.

#43 Mjukuu wa Newton

Nani amekwambia lina Kelvini 110? Linaelea, haligusi kitu. Weka kipimajoto ulete namba.

#44 Msomi wa Leipzig

Nikiweka kipimajoto waya wake utaishika isizunguke.

#45 Mjukuu wa Newton

Basi tumia sumaku ya samariamu na kobalti. Ile haiinami. Ikizunguka vilevile, mtego wako unaondoka.

#46 Ticha wa Bara

Nawashukuru. Jumatatu nitamwambia yule binti kwamba joto la chumba ndilo linalolipa, maana hapo #5, #7 na #39 hampishani, na nitamwachia kazi ya kutafuta ni kwa mkono upi. Nitampa bilauri, sumaku ya duara na ya mraba. Samariamu sina.

Moja la mwisho. Kidonge kimeanza kuonyesha madoa meupe pembeni na safari hii sumaku imeelea chini zaidi ya mwanzo. Kimekufa?

#47 Bint Pangani

Ni maji. Kikitoka kwenye naitrojeni kinaota umande, na maji yanaila hiyo kauri polepole, bariamu inatoka nje, inashika hewa ya kaboni na kuwa ule weupe. Kila ukimaliza kifute, kikaushe kwa joto la taa, kisha kifunge kwenye kopo na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Madoa ya juu unaweza kuyasugua kwa msasa laini. Vaa barakoa, usipulize vumbi lake.

#48 Mama Wawili

Bwana Mifugo, uko hapa bado? Nina mtamba yuko kwenye joto tangu leo alfajiri, nipo Tengeru.

#49 Bwana Mifugo

Nipo. Aliyeonekana asubuhi anahimilishwa jioni, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mfunge kivulini, mpe maji, usimchunge na madume. Nitumie ujumbe wa faragha unielekeze.

#50 Kipanga Mweusi

Mwalimu, wahi na chupa yako kabla mtungi haujarudi kituoni.